Kuchagua Chanjo ya Kuzuia Saratani ya Mlango wa Kizazi: Mwongozo kwa Wasichana na Walezi Wao

Swali linaloulizwa zaidi kuhusu chanjo za HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ni hili: kati ya hizi zote, ipi iliyo bora? Anayeuliza kwa kawaida amekwisha kusikia kwamba ipo chanjo inayokinga aina mbili za virusi, ipo ya aina nne na ipo ya aina tisa, na kwa hesabu ya haraka ameona kwamba tisa inazidi mbili, hivyo msichana anayepewa ya aina mbili amepunjwa. Hesabu hiyo ina ukweli kiasi, nasi tutaipima mbele. Hata hivyo, mtu akiyafuatilia matokeo ya nchi zilizochanja wasichana wao kwa zaidi ya miaka kumi, ataona kwamba umri wa kuchanjwa umeleta tofauti kubwa kuliko jina lililoandikwa kwenye kichupa. Kwa sababu hiyo majina ya chanjo yamewekwa katika hatua ya nne, baada ya mambo yanayopaswa kuamuliwa kwanza.

Mwongozo unawahusu wasichana kuanzia miaka 9, wanawake vijana wa miaka ya ishirini, na wazazi au walezi wanaoamua pamoja nao. Hauchukui nafasi ya mhudumu wa afya anayemwona msichana mwenyewe. Unakusudia kumwezesha msomaji afike mbele ya mhudumu huyo akijua la kuuliza.

Hatua ya kwanza: Elewa chanjo inazuia nini na haizuii nini

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na maambukizi ya virusi vya HPV ambayo mwili umeshindwa kuyaondoa. Uhusiano huo ulibainishwa na mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Aina za HPV zinazojulikana ni zaidi ya 200, na nyingi kati yake hazina madhara makubwa, lakini zipo kama kumi na mbili au kumi na nne ambazo zinaweza kuzigeuza seli za mlango wa kizazi hadi ziwe saratani.

Virusi hivi huenea kwa kugusana kwa ngozi wakati wa kujamiiana, na watu wengi huambukizwa wakati fulani baada ya kuanza kujamiiana bila kuhisi lolote. Kuambukizwa si alama ya uasherati wala uchafu. Katika miili mingi maambukizi huondoka yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Yanayobaki ndiyo ya hatari, nayo huenda polepole: kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida huchukua takriban miaka 15 hadi 20 tangu maambukizi hadi saratani, na kwa mwenye kinga dhaifu isiyotibiwa muda huo unaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Mwaka 2022 pekee, wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hii, na wapatao 350,000 walifariki kutokana nayo.

Ndani ya chanjo hakuna virusi hai wala virusi vilivyouawa. Kuna maganda matupu, yaliyotengenezwa kwa protini ileile inayofunika virusi, ambayo mwili huyaona kama adui na kuyatengenezea kingamwili. Maganda hayo hayana vinasaba vya virusi ndani yake, kwa hiyo hayawezi kumwambukiza mtu wala kumletea saratani.

Jambo linalobaki kukumbukwa katika hatua zote zinazofuata ni kwamba chanjo huzuia maambukizi mapya tu. Haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia, wala haitibu seli zilizokwisha kubadilika.

Hatua ya pili: Anza na umri

Shirika la Afya Duniani (WHO) linawaweka mbele wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajaanza kujamiiana. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ile ya kuwahi, kwa kuwa kinga inatakiwa iwepo mwilini kabla virusi havijabisha hodi. Ya pili haizungumzwi sana: katika umri huo mwili huitikia chanjo kwa nguvu zaidi na kutengeneza kingamwili nyingi kuliko mwili wa miaka ya ishirini.

Utafiti uliofanywa nchini Uswidi na kutangazwa mwaka 2020 unaonyesha uzito wa jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Watafiti walifuatilia kumbukumbu za wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6, wakawalinganisha waliopata chanjo ya aina nne na wale ambao hawakuchanjwa. Waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi pungufu kwa asilimia 88. Waliochanjwa kati ya miaka 17 na 30 walikuwa na pungufu ya asilimia 53. Chanjo ilikuwa ileile, nchi ileile, huduma zilezile, na kilichotofautiana hasa ni wakati sindano ilipoingia.

Huko Uingereza, ambako mpango wa kitaifa ulianza mwaka 2008 kwa chanjo ya aina mbili, utafiti wa mwaka 2021 ulikuta saratani imepungua kwa asilimia 87 katika kundi lililopewa nafasi ya kuchanjwa kwenye umri wa miaka 12 hadi 13, kwa asilimia 62 katika kundi la miaka 14 hadi 16, na kwa asilimia 34 katika kundi la miaka 16 hadi 18. Ni haki kusema kwamba sehemu ya tofauti hiyo inatokana na wasichana wakubwa wachache zaidi kujitokeza, lakini mwelekeo wake unafanana na ule wa Uswidi.

Msomaji aliyekwisha kuvuka umri huo asizisome takwimu hizi kama mlango uliofungwa. Kupunguza hatari kwa nusu ni faida kubwa kwa mwanamke wa miaka 20. Hata aliyekwisha kuanza kujamiiana, na hata aliyekwisha kupata aina moja ya HPV, ni nadra awe amepata aina zote ambazo chanjo inazikinga, hivyo atalindwa dhidi ya zile ambazo hajakutana nazo. Hahitaji kupimwa HPV kabla ya kuchanjwa, na hakuna sababu ya kitabibu ya kumchunguza msichana kama ni bikira ili apewe chanjo. Akiombwa jambo hilo, ana haki ya kukataa na bado akachanjwa.

Umri pia ndio unaoamua idadi ya dozi. Kwa mujibu wa mwongozo ambao WHO ilitoa Desemba 2022, wasichana na wanawake wa miaka 9 hadi 20 wenye afya ya kawaida wanaweza kupewa dozi moja au mbili, na walio na miaka 21 na zaidi wanapewa dozi mbili zenye nafasi ya miezi sita kati yake. Nchi nyingine bado zinatumia dozi mbili kwa wadogo na tatu kwa walioanza wakiwa na miaka 15 na kuendelea, kama zilivyo karatasi za maelezo za watengenezaji. Fuata utaratibu wa nchi unakochanjwa.

Dozi moja huwatia watu wasiwasi, kana kwamba imekatwa ili kubana matumizi, kwa hiyo inafaa kueleza ilikotoka. Nchini Kenya, katika vituo vya Kisumu, Thika na Nairobi, wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 waliingia katika utafiti uitwao KEN SHE, ambamo baadhi walipewa dozi moja ya chanjo ya aina mbili, baadhi dozi moja ya chanjo ya aina tisa, na baadhi chanjo ya ugonjwa mwingine kwa ajili ya kulinganisha. Baada ya miezi 18, dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya HPV aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5, na kiwango hicho kilikuwa sawa kwa chanjo zote mbili. Mwanza, Tanzania, utafiti wa DoRIS ulifuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 na kukuta kwamba karibu wote waliopewa dozi moja bado walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 16 miaka miwili baadaye. Mtoto wa miaka 11 aliyepata dozi moja chini ya mpango wa dozi moja, basi, amekamilisha.

Hatua ya tatu: Sema ukweli kuhusu kinga ya mwili

Hatua hii ni fupi, lakini ndiyo inayosahaulika zaidi, hasa pale msichana anapochanjwa katika foleni ndefu akiwa na wenzake na hakuna faragha ya kuzungumza. Anayeishi na VVU, anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili, au aliyepandikizwa kiungo, hatoshelezwi na dozi moja hata akiwa na umri wa miaka 10. Anahitaji angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja au miwili, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.

Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano wa kupata saratani ya mlango wa kizazi ulio mara sita zaidi ya ule wa mwanamke asiye na VVU, kwa hiyo hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Kama msichana hataki hali yake ijulikane mbele ya watu, mpeleke kwenye kliniki anakochukulia dawa zake na uombe achanjiwe huko, au umwombe muuguzi dakika mbili za faragha. Chanjo haina virusi hai, kwa hiyo ni salama kwake kama ilivyo kwa wengine.

Hatua ya nne: Zifahamu chanjo zenyewe

Sasa tunaweza kuzungumzia majina. Chanjo za HPV zimegawanyika katika makundi matatu kwa kufuata idadi ya aina za virusi zinazolengwa.

Kundi la kwanza ni chanjo za aina mbili, zinazolenga HPV ya 16 na ya 18. Hizi mbili ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani, na kila chanjo ya HPV iliyopo sokoni inazilenga. Katika kundi hili kuna Cervarix, iliyotengenezwa na kampuni ya GSK, pamoja na mbili kutoka China: Cecolin, iliyoidhinishwa na WHO mwaka 2021, na Walrinvax, iliyoidhinishwa mwaka 2024. Cervarix imeonyesha pia kutoa kinga ya ziada kwa baadhi ya aina zilizo karibu na hizo mbili, kama vile 31, 33 na 45, ingawa haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kundi la pili ni la aina nne: 6, 11, 16 na 18. Gardasil ya kwanza, ya kampuni ya Merck, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 na ndiyo iliyofungua njia kwa nyingine zote. India nayo ina Cervavac, inayotengenezwa na Serum Institute of India. Aina ya 6 na 11 hazisababishi saratani ya mlango wa kizazi. Husababisha takriban asilimia 90 ya masundosundo ya sehemu za siri, yaani vile vinyama vinavyoota kwenye uke, kwenye uume au kuzunguka njia ya haja kubwa. Mtu ambaye hajawahi kuviona anaweza kuliona jambo hili dogo, lakini matibabu yake hurudiwarudiwa, na fedheha anayoihisi mgonjwa humfanya achelewe kutafuta msaada.

Kundi la tatu ni la aina tisa, linalojulikana zaidi kwa Gardasil 9, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2014. Ina zile nne za Gardasil, na kuongezea 31, 33, 45, 52 na 58. Aina saba kati ya hizo tisa ndizo zinazoleta saratani, na kwa pamoja zinahusika na takriban asilimia 90 ya saratani za mlango wa kizazi.

Angalia kwa makini jina kwenye kisanduku: Gardasil na Gardasil 9 si kitu kimoja. Herufi ni zilezile, kampuni ni ileile, na anayesoma haraka huiruka tarakimu iliyo mwishoni. Ukiambiwa "ni Gardasil," uliza tena kwa upole ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu jibu ndilo litakaloandikwa kwenye kadi yako.

Hatua ya tano: Amua kati ya iliyopo leo na inayosubiriwa

Kama chanjo ya aina mbili na ya aina tisa zote ziko mbele yako siku hiyohiyo, na zote zinakufaa kiafya na kimatumizi, chagua ya aina tisa. Ina eneo pana zaidi la kinga, na inaongeza kinga dhidi ya masundosundo. Sioni sababu ya kuzunguka jambo hili kwa maneno.

Uamuzi mgumu huja pale mtu anapokuwa na moja mkononi na nyingine ya kuahidiwa. Msichana wa miaka 13 anaweza kupata chanjo ya aina mbili wiki hii bila malipo, lakini mzazi amesikia kwamba ile ya aina tisa itafika mwakani, au anataka kudunduliza fedha ili ainunue. Ushauri wangu kwa mzazi huyo ni amchanje sasa, na nitaeleza kwa nini.

Tofauti kati ya asilimia 70 na asilimia 90 ni tofauti ya idadi ya saratani ambazo chanjo inazilenga, kama msichana atachanjwa kabla ya kuambukizwa. Msichana anayesubiri hana asilimia 90 wala 70, kwa kuwa siku zote za kusubiri hana kinga yoyote ya chanjo. Hapa ndipo takwimu za Uswidi zinapopata uzito wake, maana kushuka kutoka asilimia 88 hadi 53 ni hasara inayozidi pengo lililopo kati ya chanjo moja na nyingine. Aidha, WHO imeeleza kwamba kwa lengo la kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, chanjo za aina mbili, nne na tisa zinalingana kwa ufanisi, kwa kuwa sehemu kubwa ya saratani hiyo inatokana na 16 na 18. Na kama bado kuna anayeidharau chanjo ya aina mbili, atazame Uskoti: utafiti uliotangazwa Januari 2024 haukukuta hata mwanamke mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kupenya ndani ya tishu kati ya wale waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, nao walikuwa wamepewa chanjo ya aina mbili.

Hali moja inayostahili fikra ya ziada ni ya mwanamke kijana, tuseme wa miaka 24, ambaye mpango wa taifa lake haumhusu na atalipia mwenyewe vyovyote vile. Huyu hana chanjo ya bure anayoiacha, na yawezekana amekwisha kukutana na aina moja au mbili za virusi, kwa hiyo upana wa chanjo ya aina tisa una thamani kwake. Kama uwezo unamruhusu kuilipia pamoja na dozi zake zote, ni chaguo zuri. Kama hela zitamtosha dozi moja tu ya aina tisa huku dozi mbili za aina mbili angezimudu, ni afadhali akamilishe dozi anazotakiwa kupata kwa umri wake.

Mtu aliyekwisha kukamilisha chanjo ya aina mbili au nne kwa kawaida hahitaji kuanza tena na ya aina tisa, na hakuna mpango mkuu wa chanjo unaomtaka kufanya hivyo.

Hatua ya sita: Pitia sababu za kuahirisha au kubadilisha

Mjamzito asichanjwe hadi atakapojifungua. Akichanjwa kabla ya kujua kwamba ana mimba, hakuna cha kufanya zaidi ya kuahirisha dozi zilizobaki, na asikubali kuambiwa kwamba mimba imeharibika kwa sababu ya sindano. Anayenyonyesha anaweza kuchanjwa. Mwenye homa kali asubiri apone, lakini mafua ya kawaida hayazuii.

Aliyepata mzio mkali baada ya dozi ya kwanza, yaani kubanwa pumzi, kuvimba uso au kuishiwa nguvu ghafla, asipewe dozi nyingine ya chanjo hiyo. Hapa pia kuna jambo linaloweza kuamua chanjo ipi ichaguliwe: Gardasil na Gardasil 9 hutengenezwa kwa kutumia hamira, na Walrinvax pia hutumia jamii nyingine ya hamira, ilhali Cervarix hutengenezwa kwa seli za wadudu na Cecolin kwa bakteria. Mtu mwenye historia ya mzio mkali wa hamira amweleze mhudumu mapema, kwani huenda Cervarix au Cecolin ndiyo itakayomfaa.

Hofu ya utasa inahitaji kujibiwa waziwazi, kwa sababu imewazuia wasichana wengi. Kamati ya kimataifa ya WHO inayoshauri kuhusu usalama wa chanjo ilipitia ushahidi mwaka 2017, wakati dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimekwisha kusambazwa duniani, ikahitimisha kwamba chanjo za HPV ni salama sana, wala haikukuta uthibitisho kwamba zinaharibu uzazi. Kinachoweza kweli kuondoa uwezo wa kuzaa ni saratani yenyewe, kwa sababu matibabu yake mara nyingi hudai kuondoa kizazi au kukipiga mionzi.

Hatua ya saba: Siku ya sindano, tazama kichupa

Mhudumu mzuri hatakasirika ukimwomba akuonyeshe kichupa kabla ya kuvuta dawa. Soma mambo matatu: jina kamili la chanjo, tarehe ya mwisho ya matumizi, na namba ya toleo. Baadhi ya vichupa vina alama ndogo ya duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa na rangi nyepesi kuliko duara, chanjo haijapatwa na joto la kuiharibu. Mraba ukilingana na duara kwa rangi, au ukiwa umekolea kulipita, kichupa hicho hakitumiki tena. Chanjo za HPV hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na hazipaswi kuganda hata mara moja, kwa hiyo ukiona kichupa kinatolewa kikiwa na barafu ndani, uliza. Usishangae dawa ya Gardasil 9 ikionekana nyeupe kama yenye ukungu baada ya kutikiswa, kwani hiyo ndiyo hali yake ya kawaida.

Msichana avae nguo ambayo mkono wake unapandishwa kwa urahisi, maana sindano huchomwa kwenye msuli wa juu ya mkono, karibu na bega. Awe amekula. Baada ya kuchomwa akae kitako, au alale, kwa dakika 15 bila kuharakishwa. Wasichana wa rika hili huweza kuzimia baada ya sindano yoyote, na linaloumiza si dawa bali sakafu wanayoiangukia. Kaa pembeni yake, mzungumzishe, na umwangalie midomo: ikianza kupauka na jasho jembamba likijitokeza kwenye paji la uso, mlaze chali na uinue miguu yake kabla hajaanguka.

Mkono utauma kwa siku moja au mbili, pengine na kuvimba kidogo, na wengine hupata homa ndogo au kuumwa kichwa. Kitambaa chenye maji baridi na dawa ya kawaida ya maumivu hutosha. Kubanwa pumzi au kuvimba uso ni dharura na unapaswa kurudi kituoni papo hapo.

Hatua ya nane: Andika, kisha hesabu miezi

Kwenye kadi yaandikwe jina kamili la chanjo, namba ya toleo na tarehe. Kuandika "HPV" peke yake hakutoshi, kwa kuwa miaka mitatu baadaye hakuna atakayekumbuka ilikuwa ipi. Ipige kadi picha kwa simu siku hiyohiyo.

Kama dozi ya pili inahitajika, hesabu miezi sita kamili. Mwanamke wa miaka 22 aliyechanjwa tarehe 10 Machi asirudi kabla ya tarehe 10 Septemba, kwa sababu dozi iliyowahishwa sana huenda isihesabike na ikalazimu kuongeza nyingine. Kuchelewa kuna nafuu: aliyepitisha mwaka au hata zaidi anaendelea pale alipoishia wala haanzi upya. Ni vizuri dozi zote ziwe za chanjo moja, lakini ikiwa ile ya kwanza haipatikani tena au jina lake halijulikani, chanjo yoyote ya HPV iliyopo inaweza kutumika kukamilisha. Uliza pia kama bidhaa uliyopewa imo katika zile ambazo zimekubaliwa kwa utaratibu wa dozi moja. Gardasil, Gardasil 9 na Cervarix zimo, na Cecolin iliongezwa Oktoba 2024.

Hatua ya tisa: Weka tarehe ya uchunguzi

Hakuna chanjo kati ya zilizotajwa inayokinga aina zote za HPV zinazoleta saratani, kwa hiyo aliyechanjwa bado anahitaji kuchunguzwa mlango wa kizazi atakapofika umri wake. WHO inapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kuanzia miaka 30, kirudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaoishi na VVU ni kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Sampuli ya kipimo hiki mwanamke anaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti chenye pamba laini, jambo linalowapa nafuu wale wanaoona haya kuchunguzwa.

Anayetokwa na damu baada ya kujamiiana, au kati ya hedhi moja na nyingine, asisubiri umri huo. Aende kituo cha afya akaeleze, hata kama alichanjwa.

Msichana aliyechanjwa akiwa na miaka 13 ana miaka 17 mbele yake kabla ya kipimo cha kwanza, na kadi nyingi hupotea katika muda huo. Jumlisha mwaka wake wa kuzaliwa na 30, au na 25 kama anaishi na VVU, uandike mwaka unaopatikana nyuma ya kadi, chini ya jina la chanjo, na umwonyeshe mwenyewe ulipouandika.